Shimo jeusi likirarua nyota, infraredi inaona nini hasa?

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, yupo Tanga. Kaandika hivi: "Habari za kazi. Nilikuwa nafundisha mionzi kidato cha tatu, nikawapigia stori ya nyota zinazoraruliwa na mashimo meusi na kwamba siku hizi wanazitafuta kwa darubini za infraredi. Wakanibana. Mmoja kasema shimo jeusi halitoi mwanga, sasa wanaona nini? Mwingine kasema infraredi si ni joto tu kama la pasi, na kama nyota imeraruka ikawaka kiasi hicho mbona isionekane kwa darubini ya kawaida? Wa tatu anauliza kama Jua letu nalo litafanywa hivyo. Nimewaahidi majibu wiki ijayo, nisaidie."

Mwalimu, salama kabisa. Hao watoto wape hongera zao maana wamebana pale pale panapotakiwa kubanwa. Nitoe jibu kwanza halafu nirudi nyuma kueleza: kinachoonekana kwenye infraredi sio shimo jeusi, na kwa sehemu kubwa wala sio nyota yenyewe ikiraruliwa. Ni vumbi. Vumbi lilikuwa limekaa zake pembeni, likamulikwa na ule mwako, likapata moto, na sasa linautoa ule moto taratibu kwa njia ya infraredi. Ni kama nyumba imeungua uchochoroni usiku, wewe upo barabarani, moto wenyewe huuoni ila unaona ukuta wa jirani umekuwa mwekundu.

Sasa tuanze na kuraruka kwenyewe. Wewe upo Tanga kwa hiyo hii bahati usiiache, anzia baharini. Maji yanajaa na kupwa kwa sababu Mwezi unavuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, tofauti yenyewe ni ndogo lakini inatosha kuinua bahari nzima, na siku za bamvua ndo unaona ngalawa zimelalia ubavu kwenye mchanga na baada ya saa chache zinaelea. Basi toa Dunia weka nyota, toa Mwezi weka shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni kadhaa. Ni nguvu ile ile moja, hakuna fizikia mpya hapo, ila sasa tofauti ya mvuto kati ya upande huu na upande ule wa nyota inakuwa kubwa kuliko mvuto wa nyota wa kujishikilia yenyewe, na ikifika hapo nyota haina ujanja, inavutwa kama unga wa chapati mpaka inakuwa uzi mrefu wa gesi.

Namba uwape, wanapenda. Shimo la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lina uzito wa Jua kama milioni 4.3. Nyota ya saizi ya Jua ikilisogelea mpaka kilomita milioni 110 hivi inararuka, na huo ni umbali mdogo kuliko wa hapa kwetu mpaka kwenye Jua ambao ni milioni 150. Lakini mpaka wa shimo, pale ambapo ukishavuka hata mwanga haurudi, upo kilomita milioni 13 tu kutoka katikati. Umeona hapo? Nyota inachanwa nje kabisa, mbali na mdomo. Kwa hiyo yule wa kwanza mwambie yuko sahihi, shimo halitoi mwanga, ila fujo yote inafanyika mlangoni kabla hakijaingia kitu.

Na kuna kichekesho ambacho wengi hawakitegemei, kwamba shimo likiwa kubwa mno halirarui. Mpaka wake unakua haraka kuliko ule umbali wa kurarua, ukifika uzito wa Jua milioni 100 hivi, hiyo mistari miwili inakutana, na kuanzia hapo nyota kama Jua inamezwa nzima nzima, kimya, hakuna hata cheche. Lile shimo la galaksi ya M87 ambalo picha yake ilitoka 2019 lina uzito wa Jua bilioni 6.5, hilo nyota ya kawaida linaimeza kama panadol.

Nyota ikisharuka... samahani, ikishararuka, nusu ya gesi inarushwa nje hairudi tena na nusu nyingine inabaki imefungwa na mvuto, inazunguka halafu inarudi kuangukia shimo. Martin Rees wa Cambridge aliiandika hesabu hii mwaka 1988 na bado ndo tunaanzia hapo: kwa shimo la Jua milioni moja mabaki ya kwanza yanarudi baada ya siku kama 40, halafu kiasi kinachorudi kinapungua kadiri muda unavyokwenda. Wakati inarudi inajigonga yenyewe, inajisugua, inapata joto la nyuzi 20,000 au 30,000 na karibu kabisa na shimo inazidi hapo kwa mbali sana, kwa hiyo mwanga wake mwingi ni urujuanimno (UV) na eksirei. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Haya, infraredi. Mwanafunzi wako wa pili anasema ni joto kama la pasi, sio mbali na ukweli, ila afadhali umwambie kitu chochote chenye joto kinatoa mwanga, na joto lake ndo linaamua mwanga wa aina gani. Jua kwa nyuzi 5,500 za sentigredi linatoa zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa maikroni 0.5 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huu wa macho yetu. Mwili wako unatoa zaidi wa maikroni 9 au 10, na wanakumbuka wenyewe zile bunduki za kupima joto za 2020, ukifika mlangoni unaelekezewa kwenye paji la uso, ile haikugusi wala haikumuliki, inasoma mwanga unaotoka kwenye ngozi yako. Ukitaka waione kwa macho chukua rimoti ya tivii, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, utaona kwenye skrini kijitaa cha kichwa cha rimoti kinapepesa rangi kama ya zambarau iliyofifia huku kwa macho hamna kitu. Tumia ya mbele kwa sababu simu nyingi ya nyuma imewekewa kichujio. Nimeshafanya hii mbele ya watu wazima na walishangaa kuliko watoto.

Sasa vumbi. Katikati ya galaksi nyingi kuna vumbi, na usifikirie la barabara ya Handeni, hili ni chembe ndogo kama za moshi, za kaboni na za madini ya mawe. Mwanga wa buluu na urujuanimno ukikutana na hizo chembe unanywewa. Infraredi ina urefu wa wimbi mkubwa zaidi kwa hiyo inapenya. Ndo maana yule kijana akiuliza mbona darubini ya kawaida isione, jibu lake ni kwamba mara nyingine inaona vizuri tu, matukio mengi ya miaka hii yamekamatwa na darubini za mwanga wa kawaida zinazopiga picha anga kila siku chache. Ila hayo ni yale yaliyotokea kwenye galaksi safi. Yaliyotokea nyuma ya pazia la vumbi hayakuonekana kabisa, miaka na miaka tunahesabu nyota zilizoliwa huku tumesahau kuhesabu za uani.

Lakini vumbi halifichi bure. Likinywa mwanga linapata joto, likipata joto linawaka kwa infraredi. Lile lililo karibu sana na shimo linapikwa mpaka linageuka mvuke, kuanzia nyuzi 1,500 hivi halihimili, kwa hiyo panabaki uwazi uliofagiliwa, na kwenye ukingo wa huo uwazi ndo kuna vumbi lililosalimika, lina joto la kama nyuzi elfu moja, linang'aa kwenye maikroni 3 hadi 5. Tuseme huo ukingo uko nusu mwaka wa nuru kutoka kwenye shimo, yaani umbali ambao mwanga unausafiri kwa nusu mwaka. Vumbi la upande wetu mwanga wake unatufikia karibu pamoja na mwako wenyewe. La upande wa nyuma, mwanga umekwenda nusu mwaka kulifikia na nusu mwaka kurudi, kwa hiyo mwaka mzima unapita. Mwako wa miezi michache unageuka mwangwi wa mwaka au zaidi, taratibu unapanda, taratibu unashuka, na kwa kupima huo ucheleweshaji tu unajua vumbi liko mbali kiasi gani bila kuliona. Mi katika mambo yote ya hii kazi hili ndo linanifurahisha zaidi, kupima umbali kwa saa.

Hii sio nadharia ya kwenye karatasi. Mwaka 2016 timu mbili, moja ya Sjoert van Velzen aliyekuwa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, na nyingine ya Ning Jiang wa China, zilitoa matokeo kwa pamoja kabisa kwamba zimeuona mwangwi huo kwenye matukio yaliyokuwa yameshajulikana kwa njia nyingine, na van Velzen alikuta vumbi liko hapo hapo, kama nusu mwaka wa nuru. Wote walitumia data ya setilaiti moja, WISE, na hii nataka niisimamie kidogo maana haipewi heshima yake. Ilirushwa Desemba 2009, kioo chake ni sentimita 40 tu, hata ungo wa dishi la king'amuzi unakizidi. Ilipozwa kwa haidrojeni iliyogandishwa kwa sababu darubini ya infraredi ikiwa na joto inajimulika yenyewe, ni sawa na kupiga picha usiku kwa kamera ambayo lenzi yake inawaka. Ile haidrojeni ikaisha 2010, masafa mawili kati ya manne yakafa, 2011 wakaizima, imelala. Mwishoni mwa 2013 wakaiamsha kwa jina jipya la NEOWISE, kazi yake kutafuta asteroidi zinazopita karibu na Dunia, na yale masafa mawili yaliyobaki yalikuwa ya maikroni 3.4 na 4.6, yaani pale pale vumbi letu la nyuzi elfu moja linapong'aa. Hakuna aliyepanga hivyo. Ikapitia anga lote kila miezi sita mpaka Julai 2024, na Novemba mwaka huo ikaungulia kwenye angahewa.

Na ujue hiyo data ikoje, kwa sababu zile picha za kuvutia za shimo jeusi linanyonya nyota kama tambi ni za kuchora, zote. Data yenyewe ni nukta. Galaksi moja, kila miezi sita setilaiti inapita inapiga picha kadhaa ndani ya siku moja mbili, unapata kishada cha nukta, halafu kimya nusu mwaka, kishada kingine. Chukua galaksi ya NGC 7392, iko miaka ya nuru kama milioni 137. Vishada vya 2010 viko kwenye mstari, vya mwanzo wa 2014 viko kwenye mstari, mwisho wa 2014 vimepanda, 2015 vimefika kileleni, halafu vinashuka mwaka baada ya mwaka kama mtu anayeshuka ngazi kwa tahadhari. Kwenye mwanga wa kawaida, kimya. Hiyo ndo nyota iliyoraruliwa karibu nasi kuliko zote zilizokuwa zimeshagunduliwa, ilikaa kwenye data karibu miaka minane bila mtu kuisoma mpaka Christos Panagiotou na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipoitangaza 2023. Kilichonigusa mimi ni kwamba galaksi hiyo ni ya kawaida, inazalisha nyota, ina vumbi, wakati orodha ya zamani ilikuwa imejaa galaksi za aina nyingine tofauti, watu wakaanza kujiuliza kwa nini mashimo yanachagua. Kumbe sisi ndo tulikuwa tunachagua, bila kujua.

Mwaka 2024 Megan Masterson, wa MIT pia, akatoa 18 kwa mpigo kutoka data hiyo hiyo, zote ndani ya miaka ya nuru kama milioni 600. Ukizijumlisha na zile za eksirei na za mwanga wa kawaida inakuja kama nyota moja kwa kila galaksi kila miaka 50,000, na hiyo inakaribiana na nadharia ilivyokuwa inadai siku zote. Kulikuwa na deni lingine pia. Nusu ya Jua ikiangukia shimo unategemea nishati nyingi mno, lakini ukipima mwako wa kawaida unakuta kama asilimia moja tu ya ile uliyotegemea, ni kama mwenye duka anajua bidhaa zimetoka za laki moja halafu kwenye droo anakuta buku. Nimesema mwanga mwingi ni urujuanimno, na urujuanimno ule mkali kabisa haufiki kwetu, gesi ya njiani inaukamata. Vumbi lakini limeukuta pale pale kwenye chanzo na limeunywa, kwa hiyo ukipima vumbi limepata joto kiasi gani unaanza kuona zile hela zilipokwenda. Sio zote, ila nyingi.

Kuna moja ya zamani zaidi siwezi kuiacha. Galaksi mbili zinazogongana, kwa pamoja zinaitwa Arp 299, karibu miaka ya nuru milioni 150, zina vumbi na nyota zinalipuka humo kwa wingi. Januari 30 mwaka 2005 darubini ya William Herschel pale La Palma, visiwa vya Canary, ikaona kitu kinawaka kwa infraredi katikati ya mojawapo. Wakasema supanova, yaani nyota inayolipuka ikifa, ndo walichokuwa wanatafuta. Supanova gani hii, haizimi, inaendelea kuwaka infraredi miaka, na kwenye redio kuna kitu kinarefuka. Seppo Mattila wa Finland na Miguel Pérez-Torres wa Hispania na wenzao wakaifuatilia zaidi ya miaka kumi, wakaona ni mchirizi wa gesi unaochomoka kwa wastani wa robo ya kasi ya mwanga, na 2018 wakatangaza kwamba ni nyota yenye uzito zaidi ya mara mbili ya Jua imeraruliwa na shimo la Jua milioni 20. Miaka 13 kutoka "tumeona taa" mpaka "tunajua ni nini". Wanafunzi wanaotaka majibu wiki ijayo waambie na hiyo.

Nisikudanganye lakini, sio kila mwako wa infraredi katikati ya galaksi ni nyota iliyoliwa. Kuna mashimo meusi yanayokula gesi muda wote, hayo yanapanda na kushuka yenyewe bila sababu ya maana. Ndo maana wanachuja kwa ukali: galaksi lazima iwe ilikuwa imetulia kabla, mwako upande haraka halafu ushuke vizuri bila kurukaruka, uwe katikati kabisa, na nishati izidi ya supanova. Hata hivyo bado watu walikuwa wanabisha, mpaka darubini ya James Webb ikaelekezwa kwenye manne kati ya hayo na matokeo yakatoka Julai 2025. Kioo cha mita 6.5, na kifaa chake cha infraredi ya kati kimepozwa mpaka chini ya nyuzi hasi 266. Wakakuta alama ya neoni iliyonyang'anywa elektroni nne. Neoni kuinyang'anya elektroni nne sio kazi ya nyota changa wala ya mlipuko wa kawaida, inataka mionzi mikali ya shimo linalokula. Na alama za vumbi la madini ya mawe hazikufanana na za galaksi ambazo shimo lake limekuwa likila miaka yote. Yaani haya yalikuwa yamelala, yakaamshwa na nyota moja.

Sasa hivi kuna pengo kwa sababu NEOWISE haipo, ila setilaiti nyingine, SPHEREx, imerushwa Machi 2025 na nayo inazunguka anga lote kila miezi sita, inafika mpaka maikroni 5, kwa hiyo hatujawa vipofu.

La Jua ni fupi. Hapana. Sisi tuko miaka ya nuru kama 26,000 kutoka Sagittarius A*, tunalizunguka kwa mbali na hatuendi huko. Nyota zilizo hatarini ni zile za jirani kabisa, zinazosukumana zenyewe kwa mvuto mpaka moja inapoteza njia. Hata S2, nyota maarufu inayolizunguka kila miaka 16, mwaka 2018 ilipita kilomita bilioni 18 hivi kutoka kwenye shimo, kasi zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, na ikaenda zake salama. Na hiyo yote imeonekana kwa infraredi, maana vumbi la njiani linakula mwanga wa kawaida mpaka kati ya chembe za mwanga trilioni inapita moja, wakati kwa infraredi ya maikroni 2 inapita kama moja kati ya kumi.

Ukiweza watoe nje usiku. Mwanzoni mwa Agosti, saa tatu usiku, mahali pasipo na taa, watazame juu kabisa halafu washushe macho kidogo upande wa kusini. Nge wataijua kwa mkia wake uliojikunja, wavuvi wazee wa hapo kwenu wengine watakwambia Akarabu, na mashariki ya mkia kuna kundi la Mshale. Kati ya hayo mawili ule ukungu mweupe wa galaksi yetu ni mnene kuliko kwingine kote, na ndani yake kuna mabaka meusi, kama masizi. Sio mahali pasipo na nyota. Ndo vumbi lenyewe hilo, na shimo letu liko nyuma yake.